Kidude Ilikataa

Plastiki ya kaseti hushika harufu. Ninyi mliokulia enzi zetu mnalijua hilo, maana nani kati yetu hakuwahi kunusa kaseti mpya kabla ya kuisikiliza? Mfuko aliouleta mtu wa bodaboda mwezi uliopita kutoka stendi ya magari ya Koboko ulinuka tumbaku kabla sijaufungua, na nikajua umetoka kwa nani kabla sijasoma jina. Ndani mlikuwa na kaseti kumi na nne zilizofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kikaratasi kimeandikwa kwa herufi kubwa: "Aziza mtoto yangu, nasikia unaweka nyimbo ya zamani kwa intaneti. Hii ni bendi yetu. Weka, na jina yangu uweke. Baba Mdogo Rajabu."

Wasomaji wa blogu hii wananijua kwa upole. Kazi inayonilisha ni kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi hapa Ediofe, mjini Arua, na baada ya kazi ndiyo nakaa na kaseti zangu kuukuu. Nazisafisha, nazihamishia kwenye laptopu, kisha nawaandikia habari zake: nani alipiga gitaa, ngoma ilikuwa debe au ngozi, harusi ilikuwa ya nani. Mnapenda ninavyocheka-cheka humu. Leo msitegemee. Nina hasira, na nimengoja mwezi mzima ipoe ili niandike kwa adabu, haikupoa.

Kaseti ya tisa katika lile fungu ilikuwa na mstari mwekundu ubavuni, wa rangi ya kucha. Juu ya karatasi yake mtu alikuwa ameandika "BENDI YETU" kwa kalamu mpya, lakini mstari haukufutika. Mstari ule aliuchora mama yangu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake alipouchora, napuliza ili rangi ikauke.

Baba yangu alikuwa askari. Kwetu Koboko hilo si jambo la kusimulia, kwa sababu nusu ya watoto niliosoma nao walikuwa na baba katika kambi fulani mbali. Baba alikuwa hajui kuandika vizuri na mama alikuwa hajui kusoma kabisa, kwa hiyo barua zao zilikuwa kaseti. Baba akipata mtu anayekuja huku, aliazima redio ya mwenzake kambini, akabonyeza, akaongea. Kaseti ikifika, mama alisikiliza, akasikiliza tena, kisha akarekodi majibu yake juu ya sauti ya baba na kuirudisha. Kaseti ilikwenda na kurudi hivyo hivyo kama bakuli la majirani. Sauti zao zilikuwa zinafutana na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu sauti nyingine ilikuwa inakuja.

Hii yenye mstari ilikuwa ya mwisho kuja. Baba alijaza upande mmoja na kipande cha upande wa pili. Alisema mambo ya kawaida: kambi ina baridi, soksi zilifika, mbuzi wa kahawia asiuzwe, na mama yake kule Logiri aambiwe hivi na vile. Kabla mama hajaijibu zikaja habari kwamba baba ameugua kifua, na mara kwamba amekwisha kufa, na mara kwamba amekwisha kuzikwa huko huko. Mambo matatu kwa siku nne. Hatukupewa hata kaburi la kulifagia.

Mama hakulia mbele yetu. Alichukua kaseti ile akaenda nayo peke yake kwa fundi wa redio sokoni. Aliporudi alichora ule mstari mwekundu, akaiweka juu ya redio, akafunika vyote kwa kitambaa cha kufuma. Hakuicheza tena. Alikuwa anaiweka kwa ajili ya arobaini, ambapo Bibi, mama yake baba, angekuja kutoka Logiri kusikia sauti ya mwanawe. Bibi alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani na kengele ya kwanza. Baba alisilimu jeshini, na yeye hakuwahi kumlaumu. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba Waislamu waombe dua yao vizuri, kisha wamwekee mtoto wake aongee.

Sasa niseme juu ya Baba Mdogo. Tuliishi katika nyumba yake. Yeye ni mdogo wake baba, na siku msiba ulipoingia yeye ndiye aliyekuwa na paa. Alikuwa mpiga gitaa. Mchana alishona viti vya baiskeli pale barabarani, jioni alipiga gitaa na wenzake watatu nyuma ya nyumba, na mimi nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikamtazama vidole. Kila ninachokijua kuhusu muziki kilianzia pale, na hilo nalisema kwa uchungu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikia gitaa la pili linaloenda chini ya la kwanza. Alikuwa mcheshi, hana makuu, na mtu akimbana kwa maneno alikuwa hajibu. Anawasha sigara. Mkiongea hadi mchoke, yeye anavuta.

Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu redioni, na katikati ya salamu walipiga nyimbo za magitaa kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Mimi nilikuwa na kaseti yangu moja ya kijivu, mkanda umeliwa na redio mara mbili, nikauunganisha kwa rangi ya kucha ya mama. Jumamosi moja, siku chache kabla ya arobaini, kaseti yangu ikakatika kabisa, na wimbo nilioungoja wiki nzima ukaanza.

Nilinyanyua kitambaa cha kufuma. Nilijua upande wa pili wa kaseti ya baba una nafasi tupu, niliisogeza mbele hadi pale kusiko na sauti, nikahakikisha mara mbili. Kisha nikabonyeza kidude chekundu cha kurekodi. Kikakataa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikabonyeza kwa viganja viwili. Kilikuwa kigumu kama kimemezwa na redio. Nikafikiri ni baba anakataa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mtoto wa darasa la tatu: kwamba baba yuko mle ndani na ameshika kidude kwa upande wake. Nikaogopa, nikairudisha, nikafunika, na wimbo ukapita bila kurekodiwa.

Arobaini ikafika. Bibi alikuja na unga wa muhogo, ufuta, na leso mpya kichwani. Dua ikasomwa, pilau likaliwa, shehe akaaga. Watu wa Logiri na majirani wakavuta mikeka karibu. Mama akaweka kaseti. Nakumbuka aliishika kidogo mkononi, akaigeuza, akaitazama mgongo wake, kisha akaiingiza. Nilidhani anasali. Bibi alikuwa amesogeza sikio karibu na redio kiasi kwamba leso yake iligusa spika.

Yakatoka magitaa.

Magitaa mawili na debe, muziki wa kuchezea, mbele ya wazee waliotoka kusema amina. Bibi hakuelewa. Aliuliza, "Huyu mtoto yangu iko wapi? Nani napiga muziki?" Baba Mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka. Alizima redio kabla magitaa hayajafika kwenye kuimba, akachomoa kaseti, akaitia mfukoni. Kisha macho ya watu wote, bila mtu kuyaelekeza, yakaja kwangu. Nani mwingine katika nyumba ile alikuwa anarekodi magitaa?

Mama alinivuta hadi nyuma ya nyumba. "Wewe nagusa kaseti ya baba yako?"

Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli, nikasema kweli. "Niligusa, mama. Lakini sikurekodi. Kidude ilikataa."

"Kidude ilikataa?"

"Ilikataa, mama. Nilibonyeza sana, ilikataa."

Alinitazama kwa muda. Nimeutafuta muda ule kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyotafuta kitu kingine chochote. Kisha akavua ndara akanichapa, mbele ya wanawake waliokuwa wanaosha sufuria, na kila nilipolia "ilikataa" alichapa zaidi. Baba Mdogo alikuja akamshika mkono. "Basi, shemeji, wacha. Ni mtoto tu. Kaseti nitapeleka Arua, iko fundi kule najua kurudisha sauti."

Nilimpenda kwa hilo. Mungu ananiona, nililala nikimwombea. Niliamini alikurupuka kuzima redio ili kunikinga mimi.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Ya kwetu ilifika, na mwizi akala pilau akaongezewa.

Baada ya hapo nikawa na jina. Watoto wa nyumba ile waliniita Mfuta-baba. "Mfuta-baba, lete maji." "Mfuta-baba, usiguse daftari yangu, utafuta." Wakubwa walisikia wakacheka, wengine wakakemea huku wanacheka. Mama hakucheka wala hakukemea. Redio ikawa haramu kwangu. Bibi alirudi Logiri na unga aliobakiza, akaniwekea mkono kichwani akiaga, akasema, "Basi, mtoto, basi," na masika ya pili yake akafa. Hakusikia. Mimi nikajua nimemuua mara mbili mtoto wake na mara moja yeye, na niliyajua hayo nikiwa na meno ya mbele yanaota.

Na yule fundi wa Arua? Kila Baba Mdogo aliporudi kutoka Arua nilimkimbilia. "Bado," alikuwa anasema. "Fundi anatafuta sauti polepole." Nilipoletwa Arua kusoma sekondari, jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kununua sabuni, ni kuzunguka kwa mafundi wote wa redio mjini nikiuliza nani anarudisha sauti zilizofutwa. Walinicheka vizuri. Mmoja tu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniambia kwa huruma: "Binti, iliyofutwa imefutwa. Lakini kaa hapa nikuonyeshe ambayo bado." Kwake nilijifunza kufungua kaseti, kusafisha vichwa vya redio, kuunganisha mkanda bila rangi ya kucha. Kwa hiyo ninyi mnaopenda kuniuliza katika maoni jinsi nilivyoanza burudani hii, ndiyo hiyo. Mtu alimdanganya mtoto, na mtoto akaenda kuutafuta uongo ule hadi akapata ufundi.

Siku ya kwanza ya ufundi wenyewe mzee yule alinionyesha mgongo wa kaseti. Kuna vijino viwili vya plastiki. Ukitaka sauti isifutwe, unavivunja, na redio ikiona shimo inakifunga kidude cha kurekodi. Nilimwelewa haraka, nikaendelea na kazi. Mniamini au msiniamini, sikuunganisha. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba mimi ndiye. Mtu akiambiwa jambo miaka mingi na wote anaowapenda, hata kumbukumbu yake mwenyewe huiona ya uongo.

Basi mwezi uliopita nikaigeuza kaseti yenye mstari mwekundu, na mashimo yalikuwepo. Vijino vilivunjwa safi, kwa bisibisi, kazi ya fundi. Na ndani ya mashimo mlikuwa mmeshindiliwa karatasi, ile ya fedha inayokuwa ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa kidogo kidogo na kusukumwa hadi ikakaza. Ukiyaziba mashimo hivyo, redio inadanganyika na kidude kinashuka. Mtoto wa darasa la tatu hajui hilo. Mpiga gitaa anajua. Na katika nyumba ile alivuta sigara mtu mmoja.

Niliiweka. Magitaa mawili na debe. Nilikaa nimeshika meza, nikasikiliza kile walichokatiza siku ile, na Baba Mdogo akaanza kuimba, kijana, sauti yake safi kama maji ya kisima. Kinachonikera zaidi ya vyote ni kwamba wimbo ni mtamu. Gitaa la pili linaenda chini ya la kwanza pale pale alipokuwa ananionyesha. Tangu nianze blogu hii mnaniomba kitu kutoka bendi za Koboko za zamani, na sijawahi kupata kitu kizuri namna hii. Nilijikuta mguu unapiga sakafu, nikauzuia kwa mkono.

Walikuwa wameurudia wimbo hadi upande wa kwanza ukajaa, na upande wa pili walimaliza kabla ya kuyafikia maneno ya mwisho ya baba. Kidude kiliinuliwa, kukawa na mkwaruzo, na baba yangu akaongea. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu kwenye laptopu. "…na mama kule Logiri, mwambie kikohozi iliisha. Asilie-lie. Mimi iko mzima kabisa. Haya." Kisha kukawa kimya.

Hayo ndiyo Bibi alikuja na leso mpya kuyasikia.

Jumapili nilikwenda Koboko. Mama sasa ana chumba chake, nilimjengea. Alikuwa anachambua maharage uani. Sikumwamkia vizuri hata. Nikaiweka simu juu ya ungo na kumchezea magitaa.

"Zima," alisema.

"Mama, ulijua?"

Mikono yake haikusimama. Aliitoa kokoto akaitupa. "Ile karatasi niliona siku ile ile, kabla sijaweka. Nilisema moyoni, labda nimekosea. Halafu wewe ukasema kidude ilikataa. Nilijua unasema kweli. Mimi ndiye nilivunjisha yale meno kwa fundi, hakuna mutu mwingine alijua."

"Na ulinichapa."

"Nilichapa."

"Kwa nini mimi, mama?"

"Wewe ulikuwa mtoto yangu. Mtoto unachapa, jioni anakula, inaisha. Yeye ningechapa na nini? Nyumba ilikuwa yake. Ningesema mbele ya watu wa Logiri ameiba sauti ya ndugu yake, kesho tungelala wapi, wewe na ndugu zako?"

"Haikuisha," nilimwambia. Nilikuwa napiga kelele, jirani alichungulia. "Mama, haikuisha! Waliniita Mfuta-baba na ulikuwa unasikia!"

"Nilikuwa nasikia."

Nilitaka aniombe msamaha. Nilikuwa nimetoka Arua kwa ajili ya neno hilo moja. Aliendelea na maharage yake. Najua mtaniambia mama ni mama, na mwanamke mjane ana hesabu zake, na kwamba alituokoa. Yote kweli. Aliniuza ili tupate pa kulala, na pa kulala tulipata, na bado nina hasira naye. Sijui niwaambie nini zaidi.

Nilipoinuka kuchukua simu, alinishika kanga. "Pale mwisho," alisema. "Iko kitu pale mwisho?" Simu sikuwa nimeizima, na katikati ya kelele zangu alikuwa amesikia magitaa yakiisha na sauti ya mtu ikifuata. Nikamwekea. Akasema niweke tena. Mara ya nne alikuwa ameweka ungo chini, na sauti ya baba iliposema "Haya", na yeye aliitika, "Haya."

Sekunde zile kumi na moja ziko hapa chini ya maandishi haya. Ni za Bibi wa Logiri; zimechelewa. Wimbo haupo. Msiniombe. Nimeuhifadhi, sijaufuta, kwa sababu mimi si mtu wa kufuta, na sitaki mtu awe na sababu ya kuniita tena hivyo.

Baba Mdogo amekuwa ananipigia. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri, wajukuu ndio wanamwangalizia blogu. Juzi alipiga asubuhi nikiwa na wateja wawili dukani. Nikatoka nje.

"Aziza, mtoto yangu, wimbo yangu iko wapi? Hawa watoto nasema hakuna kitu. Ile kaseti ya bendi, umeona?"

"Nimeiona, Baba Mdogo. Ile yenye mstari mwekundu."

"Ndiyo hiyo! Ile nzuri kabisa. Sasa shida ni nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilikuwa nayo tangu Jumapili, makali, nimeyapanga barabarani. Yakaja haya peke yake.

"Nilijaribu kuiweka, Baba Mdogo. Nilibonyeza sana. Kidude ilikataa."

Hakuuliza kidude gani. Nilisikia kiberiti kikiwashwa.